Winchi ya Kuinulia Mabamba: Kwa Nini Hatukuitundika kwenye Kenchi

Ndugu wanakamati wa sharika na wahisani wetu, katika toleo hili tunaeleza kifaa kimoja kilichojengwa katika karakana ya chuo chetu cha ufundi. Sharika kadhaa zimeuliza kama zinaweza kujenga kama hicho katika karakana zao. Jibu ni ndiyo, ila yapo mambo ambayo kamati inapaswa kuyaelewa kabla ya kupitisha bajeti.

Tatizo lilikuwa nini?

Bodi na mabamba mengi yanayouzwa madukani yana upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, yaani takriban mita 1.22 kwa 2.44. Bodi moja ya MDF yenye unene wa milimita 18 ina uzito wa kilo 40 hivi. Kwa bamba la chuma hesabu ni rahisi: mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 1 ina kilo 7.85. Hivyo bamba zima la milimita 3 lina kilo 70, na la milimita 6 lina kilo 140.

Miaka michache iliyopita vijana wanne walikuwa wamebeba bamba la milimita 6 kutoka stoo. Mmoja aliteleza penye oili, wenzake wakashindwa kulishika, na kona ya bamba ikaangukia mguu wake. Alivunjika vidole viwili na kukosa masomo kwa muda mrefu. Aidha, tulibaini kuwa wasichana wa darasa la useremala walikuwa wakibakia kupiga msasa tu, kwa kuwa wenye nguvu za kubeba bodi ndio waliofika kwenye mashine ya kukatia. Ubebaji ulikuwa unaamua nani ajifunze nini.

Wazo la kwanza, na kosa lake

Katika kikao cha kamati ilipendekezwa tununue winchi ya mnyororo na kuitundika kwenye kenchi za paa. Gharama ilikuwa ndogo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekubali. Mhandisi aliyetusaidia ndiye aliyekataa. Alituuliza swali moja: "Kenchi hizi zilipigiwa hesabu ya kubeba nini?" Jibu ni mabati, upepo na uzito wake zenyewe. Mzigo unaoning'inia katikati ya kenchi haukuwamo katika hesabu hiyo. Paa linaweza kuvumilia mara ya kwanza na ya kumi, kisha misumari na maungio yakaanza kulegea pasipo mtu kuona.

Tulichojenga

Kifaa chetu kinasimama chenyewe na hakigusi paa wala ukuta. Kina sehemu nne:

1. Miguu. Ni fremu mbili za chuma zenye umbo la lango, zilizofungwa kwa boliti kwenye misingi ya zege. Kila mguu una mishikizo ya mshazari ili fremu isiyumbe mzigo unapotembea. Zege lilimwagiliwa maji kwa siku 7, na hatukulibebesha mzigo hadi zilipotimia siku 28.

2. Boriti. Ni chuma chenye umbo la herufi I, urefu wa mita 5, kutoka mlango wa stoo hadi meza ya msumeno. Urefu huu haukuchaguliwa hivi hivi. Ukiongeza urefu wa boriti ile ile mara mbili, kwa mzigo ule ule wa katikati, itanepa mara nane zaidi. Kwa hiyo ni heri kuisogeza meza karibu na stoo kuliko kuongeza urefu wa boriti.

3. Kitoroli na winchi. Kitoroli kina magurudumu yanayotembea juu ya ubawa wa chini wa boriti, na kila mwisho una kizuizi kisichomruhusu kitoroli kuchomoka. Winchi ni ya mnyororo wa kuvutwa kwa mkono. Unavuta mnyororo mrefu, mzigo unapanda kidogo; ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuinua bamba lililowashinda watu wanne. Akiachia mnyororo, breki iliyo ndani hushika mzigo. Tuliacha vifaa vya kunyonya kwa hewa kwa sababu vinategemea umeme, na havishiki vizuri bodi yenye vumbi.

4. Vishikio. Bamba la chuma hushikwa kwa kibanio chenye meno, kinachozidi kujikaza kadiri mzigo unavyokuwa mzito. Kibanio hicho hakifai kwa bodi, kwani kitaiumiza na kinaweza kuchomoka. Bodi hukaa juu ya kulabu mbili pana zinazoishika kwa chini, zikining'inia kwenye bomba moja la chuma.

Kujaribu kabla ya kutumia

Mnyororo hukatikia penye pete dhaifu. Winchi yetu iliandikwa kilo 500, lakini fremu ilipigiwa hesabu ya kilo 250. Hivyo kilichoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye boriti ni kilo 250.

Siku ya majaribio tuliinua mifuko 6 ya saruji ya kilo 50 pamoja na vyuma vya kilo 13, jumla kilo 313, yaani asilimia 125 ya kiwango hicho. Tuliinua sentimita 10 tu kutoka sakafuni, tukasubiri, kisha tukausogeza mzigo polepole mwisho hadi mwisho. Tulikuwa tumefunga uzi kupima kunepa kwa boriti. Boriti ilirudi mahali pake mzigo uliposhushwa. Isingerudi, tusingeipokea kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatuhusu pia, hata kama karakana ni ya kanisa. Mkaguzi aliyeidhinishwa aitwe kabla ya kuanza kazi, na ukaguzi urudiwe kwa vipindi atakavyoelekeza. Wanafunzi nao wana kanuni tatu: hakuna anayepita chini ya mzigo, bamba huongozwa kwa kamba badala ya mikono, na mzigo hauachwi ukining'inia.

Ombi kwa kamati na wahisani

Sharika ambazo zingependa kujenga zinaweza kuchangia mchanga, kokoto na nguvu kazi, kama ilivyofanyika kwetu. Lakini tunaomba vipengele viwili visikatwe katika bajeti: malipo ya mhandisi na gharama za ukaguzi. Ndivyo vinavyokatwa kwanza, kwa sababu haviwezi kupigwa picha na kuwekwa kwenye taarifa. Wahisani wetu wapendwa, mkiviona katika maombi tutakayowaletea, jueni kwamba hapo ndipo miguu ya vijana wetu inapolindwa.

Leo wasichana wawili wa mwaka wa pili wanatoa bodi stoo na kuifikisha kwenye msumeno bila kumwita mtu. Nao sasa wanajifunza kukata.