Wanapoacha Kupima: Takwimu za Mazingira Marekani Miaka Arobaini Baada ya Bhopal

Tarehe 5 Februari 2025, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, liliondoa kwenye tovuti yake ramani iliyoitwa EJScreen. Hakukuwa na ilani, wala muda wa kupokea maoni. Tangu 2015 ramani hiyo ilikuwa ikimwezesha mtu yeyote kutafuta mtaa wake na kuona kiasi cha vumbi jembamba la hewani, moshi wa dizeli, na umbali wa makazi kutoka kwenye jalala la sumu au barabara kuu. Aliweza pia kuona kipato cha wakazi, akaulinganisha mtaa wake na mingine nchi nzima. Wiki mbili hivi kabla ya hapo, ramani nyingine ya namna hiyo iliyokuwa chini ya Ikulu nayo ilikuwa imetoweka.

Machi ilipoanza, balozi za Marekani ziliacha kutangaza vipimo vya hewa vya miji zilimo. Mei, NOAA, taasisi ya serikali inayoshughulikia hali ya hewa na bahari, ilisema haitaongeza tena kitu katika orodha yake ya majanga yanayogharimu dola bilioni moja au zaidi. Orodha hiyo ilikuwa imefika majanga 403, kuanzia 1980 hadi 2024. Mwisho wa Juni ikafungwa tovuti iliyohifadhi tathmini za kitaifa za mabadiliko ya tabianchi. Septemba, EPA ikapendekeza kuviondolea viwanda na mitambo ipatayo 8,000 wajibu wa kuripoti gesijoto inazotoa.

Ni rahisi kuyasoma haya yote kama kazi ya serikali moja iliyoingia madarakani Januari. Ndiyo iliyoyatenda, na lawama ni yake. Lakini kuna swali linalonishughulisha zaidi: kwa nini vitu vilivyojengwa kwa miaka mingi vilibomolewa kwa siku chache, ilhali kimoja kilichojengwa kabla ya hivyo bado kimesimama?

Hicho kilichosimama kilizaliwa na msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide mjini Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu waliokuwa wamelala. Agosti 1985 kiwanda cha kampuni hiyohiyo huko Institute, West Virginia, kilivujisha kemikali, na zaidi ya watu mia moja wakahitaji matibabu. Wamarekani wakauliza jambo ambalo hakuna ofisi iliyoweza kulijibu: viwanda vilivyo jirani nasi vina nini ndani, na vinatoa nini nje? Oktoba 1986 Bunge lao likapitisha sheria ya mipango ya dharura na haki ya jamii kujua, na ndani yake mkazaliwa orodha ya kutangaza sumu, maarufu kwa kifupi cha TRI.

Nguvu ya sheria hiyo iko katika mpangilio wake. Mzigo wa kwanza unabebwa na kiwanda. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Julai, kiwanda chenye wafanyakazi kumi au zaidi kinachozalisha au kutumia kemikali zilizoorodheshwa kupita kiwango fulani ni lazima kiandike ratili ngapi kimetoa hewani, ngapi majini na ngapi ardhini. Serikali nayo imeamrishwa na sheria yenyewe kuziweka taarifa hizo kwenye kompyuta na kumfikishia yeyote anayezitaka. Hayo yaliandikwa mwaka 1986, kabla watu wa kawaida hawajaijua intaneti. Afisa hakuachiwa nafasi ya kuamua kama umma unastahili kuona.

Matokeo yalianza kuonekana hata kabla orodha haijasambaa. Mwaka 1988, takwimu za kwanza zilipokuwa zinakusanywa, mkuu wa Monsanto aliahidi hadharani kwamba kampuni yake ingepunguza sumu inayotoa hewani kwa asilimia 90 kufikia mwisho wa 1992. Hakukuwa na sheria iliyomlazimisha kupunguza hata ratili moja. Sheria ilimlazimisha aandike, na majirani wa viwanda vyake wangesoma. Orodha hiyo ina kasoro zake, na haifai kuzificha: viwanda hujiripoti vyenyewe, na tarakimu nyingi ni makadirio yaliyopigiwa hesabu ofisini badala ya kupimwa kwenye bomba la moshi. Hata hivyo kwa mara ya kwanza mwenye kiwanda na mwenye nyumba jirani walikuwa wakitazama karatasi moja.

Majaribio ya kuifunga hayakusubiri 2025. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, EPA iliondoa kwenye tovuti mipango ya viwanda ya kukabiliana na ajali za kemikali, kwa hoja ya usalama. Mwaka 2006 ilifunga baadhi ya maktaba zake, zikiwemo za Chicago na Dallas, kwa hoja ya bajeti. Bunge likaingilia kati na zikafunguliwa tena 2008. Desemba ya mwaka huohuo wa 2006 ikaigusa TRI yenyewe: kikomo ambacho chini yake kiwanda kingeruhusiwa kujaza fomu fupi isiyo na tarakimu kikapandishwa kutoka ratili 500 hadi ratili 5,000, yaani zaidi ya tani mbili, kwa kemikali nyingi.

Tukio hilo linastahili kutazamwa kwa karibu. Ili kufanya badiliko hilo, EPA ililazimika kulitangaza mapema na kusikiliza, na zaidi ya maoni 100,000 yakamiminika, mengi mno yakipinga. Majimbo kadhaa yakaenda mahakamani. Machi 2009 Bunge lililifuta badiliko lote kwa kifungu ndani ya sheria ya bajeti. Kuficha wakati ule kulikuwa na gharama na kulichukua miaka, na kila hatua ilikuwa na mtu aliyetia saini. Kuizima EJScreen hakukuhitaji lolote kati ya hayo.

Tofauti imetokana na jinsi milango ilivyofunguliwa. Kuanzia miaka ya 2000 Marekani ilifungua takwimu nyingi kwa uamuzi wa watendaji. Mwaka 2008 picha zote za satelaiti za Landsat, ambazo awali kila moja iliuzwa kwa mamia ya dola, ziligeuzwa kuwa za bure, na watafiti wa misitu duniani kote wakanufaika. Mei 2009 ikaanzishwa tovuti kuu ya takwimu za serikali. Ramani, taarifa za hewa na vikokotoo vya hatari vikaongezeka. Ilikuwa kazi nzuri ya wataalamu waliojali, na watu waliizoea kama walivyozoea maji ya bomba. Ila sehemu kubwa yake ilisimama juu ya nia njema ya aliyeko ofisini. Sheria ya takwimu wazi iliyotiwa saini Januari 2019 inazitaka idara kuchapisha data zao kwa namna inayosomeka na kompyuta. Haizuii idara kuamua kwamba chombo fulani hakihitajiki tena, wala kwamba jambo fulani halitapimwa tena.

Aliyepoteza ni nani? Chukua mji mdogo wa Reserve, Louisiana, kando ya mto Mississippi, kati ya Baton Rouge na New Orleans. Wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 kumekuwa na kiwanda cha mpira wa neopreni hapo, kwanza cha DuPont, kisha cha Denka. Kiwanda hicho kilikuwa kikitoa kemikali iitwayo kloropreni, ambayo mwaka 2010 EPA iliitaja kuwa huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Wakazi walizoea harufu na walizoea mazishi, ila hawakuwa na tarakimu za hatari yenyewe. Desemba 2015 EPA ilichapisha tathmini yake ya sumu za hewani kwa nchi nzima, mtaa kwa mtaa, na eneo linalozunguka kiwanda hicho likaonekana kuwa na hatari ya saratani itokanayo na hewa iliyo juu kuliko mahali pengine popote Marekani. Kampuni imeipinga hesabu hiyo. Lakini kuanzia hapo wakazi walijipanga, wakadai vituo vya kupimia hewa na wakavipata, kimojawapo karibu na shule ya msingi. Mwaka 2023 serikali kuu ikakishtaki kiwanda. Machi 2025 serikali hiyohiyo iliiondoa kesi mahakamani. Miezi miwili baadaye kampuni ikatangaza kusimamisha uzalishaji, ikitaja gharama.

Watu wa Reserve hawakuomba zile tarakimu. Hawakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuomba. Zilichapishwa, wakazikuta. Haki ya kuomba taarifa humsaidia anayejua tayari kwamba kuna jambo limefichwa. Asiyejua husaidiwa na taarifa iliyowekwa mezani kabla hajauliza. Ndiyo maana naiona hasara ya EJScreen kuwa kubwa kuliko inavyoonekana kwa wanaoihesabu kama tovuti moja tu kati ya maelfu.

Hasara ya namna hiyo imefika hadi kwetu Afrika Mashariki. Ubalozi wa Marekani mjini Beijing ulianza kupima vumbi jembamba la hewani mwaka 2008 na kutangaza matokeo kila saa. Wakubwa wa China walikasirika, wananchi wakaendelea kusoma, na Januari 2013 China yenyewe ikaanza kutangaza vipimo vya aina hiyo katika miji 74. Mpango wa balozi za Marekani ulipopanuliwa kuanzia 2015 ulifika Addis Ababa na Kampala. Kwa mji kama Kampala, wenye bodaboda, magari makuukuu, vumbi la barabara za udongo na moshi wa taka, mtambo mmoja wa kiwango cha juu unaofanya kazi usiku na mchana una thamani kubwa kuliko bei yake. Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo ulioanza 2015, kimetengeneza vipimo vya bei nafuu na kuvisambaza mijini. Vipimo vya namna hiyo hupotoka kwa joto na unyevu, hivyo ni lazima vilinganishwe mara kwa mara na mtambo wa uhakika. Balozi zilipoacha kutangaza tarehe 4 Machi 2025, sababu iliyotolewa ikiwa ni bajeti, Kampala haikubaki gizani, kwa kuwa ilikuwa na watu wake. Ilipoteza mfululizo wa miaka, na mfululizo ukikatika miezi iliyopita haipimwi tena.

Njaa nayo ilihusika. FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya mapema ya njaa ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, ulizimwa mwishoni mwa Januari 2025 pamoja na shughuli nyingine za USAID, shirika la misaada la Marekani. Maofisa wa misaada na wa serikali waliokuwa wakifuatilia mvua, malisho na bei za mahindi kutoka Somalia hadi Sudan Kusini walifungua ukurasa wakakuta hakuna kitu. Miezi kadhaa baadaye ulirudi, na ni jambo la kushukuru. Ulirudi kwa uamuzi wa watu walewale wenye uwezo wa kuuzima tena.

Wananchi wa Marekani hawakukaa kimya. Muungano wa watafiti na mashirika uliijenga upya EJScreen nje ya serikali ndani ya siku chache tu, kwa nakala walizowahi kuhifadhi. Orodha ya majanga ya mabilioni imechukuliwa na shirika lisilo la kiserikali, Climate Central. Wakulima na wanamazingira waliishtaki wizara ya kilimo kwa kufuta kurasa za tabianchi, na Mei 2025 wizara ikakubali kuzirudisha. Nawaheshimu kwa kazi hiyo, lakini nakala ni kama ng'onda: haiozi, ila haizai. Hesabu ya 2024 inaweza kutunzwa na mtu binafsi milele. Hesabu ya 2026 inahitaji mtu wa kwenda kupima, au sheria ya kumlazimisha mwenye bomba la moshi aandike.

Kwa hiyo kati ya matukio yote niliyotaja, ninalolihofia zaidi ni lile pendekezo la Septemba kuhusu gesijoto, ingawa halina ukurasa uliofutwa wala ramani iliyozimwa. Mpango wa kuripoti gesijoto umekusanya ripoti tangu mwaka wa takwimu wa 2010. Haukuwa na sheria kamili kama ya 1986; ulitokana na maelekezo ya Bunge ndani ya bajeti ya 2008 na kanuni iliyofuata. Ukiondolewa, takwimu za zamani zitabaki wazi na hakuna atakayeweza kusema kwamba kuna kilichofichwa. Hakutakuwa na kipya cha kufungua. Mwezi Julai 2025 EPA pia ilitangaza kuivunja ofisi yake ya utafiti na maendeleo, ambako wataalamu wa sumu na afya walikuwa wakifanya kazi.

Afrika Mashariki inapaswa kuitazama habari hii kwa makini, kwa sababu sisi tumeanzia upande wa pili. Kenya ina haki ya taarifa katika Katiba ya 2010, na sheria yake ya mwaka 2016. Tanzania nayo ilipitisha sheria ya kupata taarifa mwaka huohuo wa 2016. Hizi kwa sehemu kubwa ni haki za kuomba. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri, hawakuijua sumu ya risasi iliyokuwa hewani kupitia orodha yoyote ya serikali. Waliijua kupitia vipimo vya damu, vikiwemo vya watoto. Kesi yao ilipita mahakama tatu hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliporejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kanuni za Kenya zinawataka wenye miradi mikubwa kufanya ukaguzi wa mazingira na kuwasilisha ripoti kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwa hiyo kazi ya kuandika tayari imo katika kanuni. Kinachobaki ni kifungu cha sheria, si agizo la waziri wala mradi wa mfadhili, kitakachosema kwamba ripoti hizo, pamoja na kiasi cha kila sumu iliyotolewa, zichapishwe kila mwaka kwa tarehe inayojulikana, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kwamba anayetaka kuliacha zoezi hilo ni lazima kwanza alipeleke Bungeni.