Kuweka Sakafu Katika Boti Ndogo ya Alumini

Boti ya alumini ni nyepesi, haiozi kama ya mbao, na watu wachache wanaweza kuivuta hadi nchi kavu. Lakini chini ina mbavu zinazokwaza miguu na kunasa nyavu, na mgonjwa anayevushwa kwenda dispensari hana mahali pa kulala sawasawa. Ndiyo sababu kikundi kikipata boti kama hii, hutaka kwanza kuiwekea sakafu. Jambo hilo ni zuri, ila sakafu mbaya yaweza kuipindua boti au kuitoboa. Tuelezane jinsi ya kuitengeneza.

Isiinuliwe juu

Matatu iliyopakia mizigo mingi kwenye keria huyumba kwenye kona. Boti nayo ni vivyo hivyo: ukiwainua watu, unaifanya iwe rahisi kupinduka. Kwa hiyo laza sakafu juu ya mbavu zenyewe, isipande zaidi ya hapo. Tena kumbuka uzito. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, yenye unene wa milimita 12, ina karibu kilo 20, na ikilowa huzidi. Uzito wa sakafu upunguzwe kwenye mzigo ambao boti ilikuwa ikibeba.

Mbao na skrubu

Alumini ni ile ile ya sufuria zetu. Ikigusana na shaba au chuma cha kawaida penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Huanza na unga mweupe, kisha vishimo, mwisho tundu. Kwenye maji ya chumvi, kama kule Lamu, huliwa haraka kuliko kwenye maji matamu ya Ziwa Victoria. Basi:

- Usitumie mbao zenye dawa ya shaba, zile za rangi ya kijani kama nguzo za ua. Tafuta plaiwudi ya kustahimili maji.
- Tumia skrubu za stenlesi, wala si misumari ya kawaida au skrubu za shaba.
- Sarafu, ndoano au msumari ukianguka ndani, utoe siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe

1. Osha boti, iinue juu ya magogo, kisha mimina maji kidogo ndani. Panapodondoka pazibwe kabla ya kitu kingine.
2. Kata katoni zifuate umbo la ndani. Zikikaa vizuri, zitumie kuchora kwenye plaiwudi. Katoni ikiharibika si hasara, plaiwudi ni pesa.
3. Kata sakafu vipande viwili au vitatu vinavyotoka, ukiacha nafasi ya kidole kimoja kando kando.
4. Paka rangi ya kuzuia maji mara tatu, juu, chini na hasa kwenye kingo zilizokatwa, maana hapo ndipo maji huingilia. Mkono wa mwisho nyunyizia mchanga laini ili watu wasiteleze.
5. Funga skrubu kwenye mbavu peke yake. Zisiwe ndefu kiasi cha kufika chini. Tumbo la boti lisitobolewe hata kidogo!

Njia ya maji

Hapa ndipo wengi hukosea. Sakafu iliyofunikwa kabisa huficha maji. Ndoo tano za lita 20 zilizojificha ni kilo 100, na uzito huo hukimbilia upande ambao boti imeinamia. Acha maji yapite chini ya sakafu hadi nyuma, na uache pale uwazi wa kuyachota. Kila jioni inua vipande, ukaushe.

Vile vile, povu jepesi lililo chini ya viti lisitolewe ili kupata nafasi ya mizigo. Hilo ndilo huizuia boti isizame ikijaa maji.

Kabla ya kubeba watu

Ijaribuni kwenye maji ya kufika kiunoni, mkiwa mmevaa jaketi za kuokoa maisha. Watu wawili wasimame upande mmoja polepole. Ikiinama kuliko ilivyokuwa zamani, sakafu iko juu mno au ni nzito. Irudisheni kwa fundi, hata kama rangi ni mpya na pesa za kikundi zimekwisha. Mbao zitakatwa tena. Mtu akizama harudi.