Mizani ya Nyumba na Kazi si ya Mwanamke Pekee

Kila mara mwanamke apandapo cheo katika taaluma ya tarakilishi, huulizwa: "Na watoto je, unawaachia nani?" Sijasikia mwanamume mwenye wadhifa kama huo akiulizwa hivyo. Kwa maoni yangu, la kuulizwa si namna mwanamke atakavyojigawa, bali ni namna kazi yenyewe itakavyopangwa.

Hebu tutazame maisha ya Stephanie Shirley, aliyeaga dunia Agosti 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Bibi huyu alizaliwa Dortmund, Ujerumani, akafika Uingereza mwaka wa 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa miaka mitano. Mnamo 1962 alianzisha kampuni ya kutunga programu za tarakilishi kwa mtaji wa pauni 6 tu. Barua zake za kutafuta wateja hazikujibiwa hadi alipoanza kutia sahihi kwa jina la kiume, "Steve". Alipozungumza kwa simu kutoka nyumbani, alicheza kanda yenye sauti ya taipureta ili mteja adhani yumo ofisini.

Shirley aliwaajiri wanawake wenye ujuzi walioacha kazi baada ya kuolewa au kujifungua. Aliwaruhusu kufanyia kazi nyumbani, kwa saa walizozimudu. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3 pekee. Kina mama hao, huku wakilea, ndio waliotunga programu za kisanduku cha kunasia habari za safari cha ndege ya Concorde. Hawakuwa wamebadilika wao. Kilichobadilika ni mpango wa kazi.

Hata hivyo, tusidhani njia yake ilikuwa mteremko. Mwanawe wa pekee, Giles, aliyezaliwa 1963, alikuwa na usonji na alihitaji uangalizi wa daima. Wakati mmoja mama huyo alizidiwa hadi akalazwa hospitalini. Naam, hata ushujaa una mpaka wake, na jamii isiyomsaidia mzazi haina haki ya kumsifu kwa uvumilivu.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba majuma 2. Nayo Sheria ya Afya ya 2017 humtaka mwajiri kutenga mahali pa mama kunyonyeshea. Hizi ni hatua njema. Lakini je, tofauti hiyo ya miezi na majuma inamfunza kijana nini kuhusu wajibu wa baba?

Walimu wenzangu, suala hili huanzia darasani. Msichana apendaye hisabati akiambiwa kwamba kazi za mitambo zitamkosesha ndoa, huwa tumemfungia mlango kabla hajaufikia. Nanyi wavulana, kumwogesha mtoto na kupika uji si fedheha. Ni sehemu ya utu uzima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukitaka mabinti zetu waongoze katika teknolojia, basi tuwalee pia wana wa kiume watakaoshika upande wa pili wa mzigo.