Mswada Uliokaribia Kupotea

Kitabu kikishafika dukani, msomaji huona jalada lake na jina la mwandishi. Haoni safari ndefu iliyokitangulia. Sisi tuvaao sare twajua kwamba gwaride la saa moja huzaliwa na mazoezi ya majuma mengi. Yafaa basi tuitazame safari hiyo kwa mfano wa kitabu cha kwanza cha Chinua Achebe wa Nigeria, ambacho wasomaji wa Kiswahili hukijua kwa jina la Shujaa Okonkwo.

Mwaka 1956 Achebe, mtumishi kijana wa idara ya utangazaji mjini Lagos, alipelekwa London kwa mafunzo ya BBC. Huko alimwonyesha mswada wake Gilbert Phelps, naye mwandishi wa riwaya. Phelps alivutiwa mno, akataka kuupeleka kwa wachapishaji mara moja. Achebe alikataa, aliona kazi haijaiva.

Aliporejea nyumbani alishika kalamu na kuikata kazi yake mwenyewe. Aliondoa sehemu ya pili na ya tatu, akabakiza habari za Okonkwo, mkulima wa viazi vikuu, kisha akaitengeneza upya. Ni wangapi kati yetu wawezao kutupa kurasa walizozitolea jasho?

Mwaka 1957 aliutuma mswada huo, ulioandikwa kwa mkono na usio na nakala nyingine, kwa kampuni moja ya London ya kupiga taipu. Alilipa. Kisha kimya. Miezi ikapita, barua zake zisijibiwe. Ndipo mkuu wake kazini, Bibi Angela Beattie, alipokwenda likizo Uingereza, akafika mwenyewe katika ofisi ile na kuidai kazi hiyo. Haukupita muda, nakala iliyopigwa taipu ikafika Lagos. Baadaye Achebe alikiri kwamba lau mswada ungalipotea, yamkini angaliacha kuandika kabisa.

Hata hivyo wachapishaji kadhaa waliukataa, wakidai kuwa riwaya za Waafrika hazina soko. Hatimaye kampuni ya Heinemann iliukubali, na tarehe 17 Juni 1958 ikatoa nakala 2,000. Yasemekana wahariri hawakugusa hata neno moja. Tusistaajabu: kazi ya kukata na kunyoosha mwandishi alikwisha kuifanya mwenyewe.

Wema huo haukuishia Lagos. Juni 1962, katika mkutano wa waandishi wa Afrika pale Makerere, Kampala, mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alimkabidhi Achebe mswada wake. Achebe aliusoma, akaupendekeza kwa Heinemann. Mwaka 1964 ukatoka kwa jina la Weep Not, Child.

Askari mwenzetu, huenda nawe unalo daftari la hadithi ndani ya sanduku lako kambini. Andika nakala ya pili kabla hujalitoa mkononi. Lisome tena, ukate lisilofaa, wala usiharakishwe na sifa. Nawe afisa, askari wako akikueleza kwamba kazi yake imekwama mahali, usimjibu kwamba hilo si jukumu lako. Mkumbuke Bibi Beattie: aliacha mapumziko ya likizo, akaenda kubisha mlango kwa ajili ya mtu aliye chini yake.