Karatasi ya Rukwa

Ukutani mwa darasa ninalofundishia kuna karatasi ndefu iliyojaa mistari myeusi iliyobanana, ikipanda na kushuka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiitazama huona mkeka uliosukwa vibaya. Muhula ukiisha, mwanafunzi huyohuyo huona bonde: sakafu yake imeinamia upande mmoja, kuta zake zimekatika, na mashapo yamelijaza tabaka juu ya tabaka.

Hiyo ni nakala ya mkato wa mitetemo wa Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Vipimo vyenyewe vilichukuliwa na kampuni ya Marekani ya Amoco katika miaka ya 1980, enzi ilipokuwa ikitafuta mafuta huko. Mwaka 1987 ikachoronga visima viwili, Ivuna na Galula. Mafuta hayakupatikana, kampuni ikafunga kambi na kuondoka.

Watu huniuliza kwa nini niliacha kazi ya mafuta nikaingia kwenye utafiti, na kwa nini baadaye nikaja kushika chaki, kama vile nilibadili fani mara mbili. Sikubadili chochote. Karatasi hiyo ya Rukwa imepita mikononi mwa watafuta mafuta, ikaenda kwa watafiti, sasa iko kwa wanafunzi, na haikuongezwa hata mstari mmoja. Kilichobadilika ni swali tu.

Jiofizikia ni elimu ya kuipima dunia bila kuichimba. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote ambayo binadamu amewahi kuchoronga ni lile la Kola, Urusi: mita 12,262, kazi ya miaka karibu ishirini. Kutoka hapa tulipo hadi kitovu cha dunia ni kilomita 6,371. Yaani hatujatoboa hata ganda. Tunachokijua kuhusu yaliyo chini ya hapo tumekijua kwa kusikiliza. Mwaka 1936 mwanasayansi wa Denmark, Inge Lehmann, aliyatazama mawimbi ya matetemeko yaliyofika mahali ambapo hayakutarajiwa kufika, akatambua kwamba ndani ya kiini cha dunia kuna kiini kingine. Hakuwa na shimo wala mwamba mkononi.

Watafuta mafuta na gesi hawasubiri tetemeko. Hulitengeneza wenyewe, dogo, kwa lori zito lenye bamba la chuma linaloitikisa ardhi, au kwa baruti kidogo iliyofukiwa. Mawimbi hushuka, hugonga mpaka wa tabaka na tabaka, na sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Huku juu yanasubiriwa na jiofoni. Jiofoni ni kikopo kinachoenea kiganjani, chini kina mwiba wa chuma, ndani kina sumaku na waya wa shaba uliozungushwa ukaning'inizwa kwa springi. Ardhi ikicheza, kopo na sumaku hucheza nayo huku waya ukichelewa, na ule mwendo wa sumaku kando ya waya huzalisha umeme mdogo sana. Umeme huo husomwa mara 500 au zaidi kila sekunde.

Nilianza kazi hiyo nikiwa kijana, katika mikoa ya kusini mwa pwani. Siku moja tulikuwa tunachomeka jiofoni kandokando ya shamba la mihogo, tukiwa tumeshapewa ruhusa, na bibi mwenye shamba akaja kusimama juu yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, mnapanda nini?"

"Hatupandi, bibi. Haya ni masikio. Tunataka kusikia chini kuna nini."

Akazitazama, kisha akautazama msururu wa pikipiki zetu barabarani. "Basi zizimeni hizo kwanza."

Nimesoma vitabu vingi vya kusafisha kelele kwenye data, na sijapata maelekezo yanayoyazidi hayo. Pikipiki iliyo mbali, upepo unaotikisa mkorosho hadi kwenye mizizi, kundi la ng'ombe, pampu ya maji kijijini: vyote huingia kwenye jiofoni, na mwangwi kutoka kilomita tatu chini ni dhaifu kuliko vyote hivyo. Sehemu kubwa ya kazi ya mtaalamu wa jiofizikia ni kutenganisha sauti ya mwamba na sauti ya kijiji.

Sasa kuna jambo ambalo msomaji akilielewa atakuwa ameielewa nusu ya fani yetu. Jiofoni haipimi kina. Inapima muda. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, wimbi limetumia sekunde 1 kushuka na sekunde 1 kupanda. Kama kasi yake ndani ya miamba ni mita 3,000 kwa sekunde, tabaka liko mita 3,000 chini. Lakini hiyo kasi tumeipata wapi? Majini wimbi hukimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde. Kwenye mchanga ulioshikana huongezeka mara mbili au zaidi. Kwenye chokaa ngumu huzidi tena. Ukikosea kasi kwa asilimia 10, umekosea kina kwa mita 300.

Mimi nilikosea. Kisima cha kwanza nilichoshiriki kukikadiria, tabaka tulilolisubiri lilikutwa mita 140 chini ya pale tulipoandika. Tulikuwa tumeazima kasi kutoka kwenye kisima cha mbali, kumbe mahali petu chokaa ilikuwa nene zaidi na mawimbi yalikuwa yakipita mbio kuliko tulivyodhani. Mtambo ulikaa siku za ziada, na kila siku ya mtambo ni fedha nyingi. Bosi wangu hakupandisha sauti. Alisema tu: "Kuanzia leo ukinipa kina, nipe na kiasi unachoweza kukosea." Namshukuru hadi leo.

Nilipohamia kwenye utafiti nilikuta sentensi ile ndiyo kazi yenyewe. Kampuni ina tarehe ya kuamua; ikifika, inachoronga au inaachia kitalu. Mtafiti anaruhusiwa kusema kwamba data hizi zinakubali picha mbili, kisha akae nazo. Kwenye jotoardhi nililiona hilo waziwazi. Maji ya moto yakipita muda mrefu kwenye miamba ya volkano huigeuza kuwa udongo wa mfinyanzi, na udongo huo hupitisha umeme kwa urahisi. Kwa hiyo katika nyanda za Mbeya, kama ilivyo Olkaria kule Kenya, tunapima jinsi ardhi inavyopitisha umeme na kutafuta kofia ya mfinyanzi iliyofunika joto. Tatizo ni kwamba joto likiondoka, kofia hubaki. Mlima uliopoa zamani unaweza kutoa picha ileile ya mlima unaochemka. Asiyewaambia hivyo wenye fedha kabla hawajachoronga anawadanganya, hata kama kila namba aliyoandika ni sahihi.

Nirudi Rukwa. Baada ya Amoco kuondoka, watafiti waliichukua mistari ileile wakaiuliza bonde lilifunguka vipi. Kilembe na Rosendahl walichapisha makala kuhusu umbo la bonde hilo mwaka 1992. Ukitazama mkato unaona tabaka zikinenepa kadiri zinavyousogelea mpasuko wa Lupa, upande wa kaskazini mashariki, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa nusu. Maana yake upande mmoja ulikuwa ukizama huku mito ikijaza. Baadaye majivu ya volkano yaliyonaswa katika miamba ya Nsungwe, kusini mwa bonde, yalipimwa umri yakakutwa na miaka milioni 25 hivi, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya ni lini tawi la magharibi la Bonde la Ufa lilianza kufunguka. Na mipasuko hii si historia tu. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, kubwa kuliko yote yaliyonaswa na vipimo Afrika Mashariki. Anayetaka kujua mpasuko unashuka hadi wapi huanzia kwenye mistari iliyopimwa kwa ajili ya mafuta.

Kisha ikaja heliamu. Hewa tunayoivuta ina sehemu tano tu za heliamu katika kila milioni. Gesi inayobubujika katika baadhi ya chemchemi za Rukwa ina asilimia kadhaa. Uranium na thorium ndani ya miamba mikongwe ya Tanzania, yenye zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, hutoa heliamu zinapooza polepole, na joto la volkano changa huifungulia njia. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba Rukwa ina hazina kubwa ya gesi hiyo, ambayo hospitali huihitaji kupozea mashine za MRI. Kabla ya kupima mapya, watafutaji wa heliamu walizifufua kwanza data za Amoco. Kazi iliyohesabiwa hasara mwaka 1987 ilikuwa imewasubiri.

Darasani naanza na kipimo cha mvutano, gravimita. Nakiweka sakafuni, mwanafunzi anasoma namba. Nakiweka mezani, anasoma tena, na namba imepungua, kwa sababu tumesogea mbali na kitovu cha dunia, hata mita moja haijafika. Darasa hunyamaza. Halafu nawaambia kwamba kifaa chenye usikivu huo bado hakiwezi kutofautisha jiwe dogo zito lililo karibu na jiwe kubwa lililo mbali.

Baada ya hapo tunaingia kwenye karatasi ya ukutani. Kila mmoja hupewa nakala na penseli za rangi, achore mipasuko bila kumtazama jirani. Mwaka jana walikuwa 22, nikapata michoro 22. Tuliing'oa mmojammoja ile ambayo mwamba hauwezi kuifanya, ikabaki mitatu. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, upi ni sahihi?" Nikamwambia aniandikie ni kipimo gani kingetusaidia kuchagua, na tukipime wapi. Aliandika kurasa nne. Siku hiyo alikuwa ameshaanza kazi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaotunza data za utafutaji hapa nchini. Vitalu vingi vimepimwa na kuachwa, na data zake ni mali ya taifa. Kanda za sumaku za miaka ya 1970 na 1980 haziishi milele. Hunata, hubabuka, na mashine za kuzisoma zinazidi kuadimika. Zihamisheni sasa, na za vitalu vilivyoachwa vipeni vyuo vyetu nakala kamili. Karatasi ya darasani kwangu ni nakala ya nakala kutoka jaridani. Chini ya sekunde tatu, pale mpasuko wa Lupa unapozama, haisomeki.