Sifuri ya Tereza, na rekodi nyingine za waimbaji wa Kroatia

Tuanze na rekodi ambayo hakuna mwimbaji anayeitamani. Mwaka 1966, jijini Luxembourg, Tereza Kesovija, binti wa Dubrovnik, aliiwakilisha Monaco kwenye Eurovision kwa wimbo "Bien plus fort" na hakupata hata pointi moja. Nchi zilikuwa 18, na waamuzi wa kila nchi walikuwa na alama 5, 3 na 1 tu za kugawa. Waliobaki waliambulia patupu. Lakini hakushika mkia peke yake: Domenico Modugno wa Italia, ambaye "Volare" ilikuwa imeshampa jina dunia nzima, naye alitoka na sifuri usiku uleule. Kwangu mimi, hilo linatosha kuivua sifuri ile aibu yake.

Na kwa kufika mbali, huyuhuyu Tereza ndiye ninayempa nafasi ya kwanza. Alisomea filimbi Zagreb kabla sauti haijamchukua, akahamia Ufaransa, akauimba kwa Kifaransa wimbo wa Lara wa filamu ya Doctor Zhivago. Mwaka 1972 alirudi Eurovision mjini Edinburgh, safari hii chini ya bendera ya Yugoslavia, ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake wakati huo, akawa wa 9. Mwaka 1988 akapanda jukwaa la Olympia, Paris.

Kisha Yugoslavia ikavunjika kwa vita. Mwaka 1991 nyumba yake ya Konavle, kusini mwa Dubrovnik, iliharibiwa, naye akaacha kuimba Serbia. Ilipita miaka ishirini hadi mashabiki wa Belgrade walipomwona tena jukwaani, mwaka 2011. Ukimya huo nauheshimu kuliko kombe lolote.

Ushindi pekee wa Yugoslavia kwenye Eurovision nao ulitoka Kroatia: kundi la Riva la Zadar, sauti ya Emilija Kokić, mwaka 1989, pointi 137. Kroatia ilipojitegemea, Maja Blagdan (1996) na Doris Dragović (1999) waliifikisha nafasi ya 4, na hapo ikagota kwa robo karne. Aliyeivuka ni Baby Lasagna, kijana wa Umag, aliyekuwa wa 2 mjini Malmö mwaka 2024 kwa pointi 547, huku kura za watazamaji zikimweka wa kwanza.

Wewe unayetaka kumjua Tereza, anza na "Prijatelji stari, gdje ste". Wimbo wa Luxembourg uache kwanza.