Mama wa Makamo na Mazoezi Yasiyokatika

(Muziki wa kufungulia kipindi, kisha unafifia.)

 Popote ulipo, jikoni, dukani, shambani au kando ya kitanda cha mgonjwa, sogea karibu na redio yako. Leo tunazungumza na mama aliyepita miaka 40. Mada yetu ni mazoezi ya mwili. Hatutasema sana kuhusu kuyaanza, kwa maana wengi wetu tumeyaanza mara nyingi. Tutasema jinsi ya kuyaendeleza yasikatike.

Nianze na kisa. Mama mmoja wa miaka 49 alifika kliniki ninakofanya kazi akilalamika mgongo. Nyumbani anamtunza mama mkwe wake, ambaye alianguka bafuni akavunjika mfupa wa nyonga. Kila siku humwinua, humwogesha na kumgeuza kitandani. Nilipomuuliza kama hufanya mazoezi, alicheka.

"Sista, mimi nimeanza mazoezi mara nne," akaniambia. "Kila Januari naanza. Nakimbia wiki moja. Wiki ya pili mtoto anaugua au mvua inanyesha, na huo ndio mwisho. Nafikiri mimi ni mvivu tu."

Msikilizaji, mama anayemwinua mtu mzima kila siku si mvivu. Kilichomshinda ni mpango. Nami nilimwambia hivyo.

Je, kwa nini mazoezi yana maana zaidi katika umri huu? Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo homoni iitwayo estrojeni hupungua mwilini. Homoni hii husaidia kulinda mifupa, kwa hivyo ikipungua, mifupa hudhoofika upesi zaidi. Misuli nayo hupungua kadiri miaka inavyosonga, na mafuta hukusanyika tumboni. Hatari ya presha, kisukari na ugonjwa wa moyo huongezeka. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Mazoezi hayarudishi ujana. Lakini huimarisha misuli na mifupa, husaidia kushusha presha na sukari, huleta usingizi mzuri na kupunguza mawazo. Tena mguu wenye nguvu ndio unaomshikilia mtu asianguke bafuni. Mama anayejitunza leo anapunguza hatari ya kuja kuinuliwa kitandani na binti yake kesho.

Basi mazoezi kiasi gani? Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Hizo ni dakika 30 kwa siku, siku tano. Unaweza kuzigawa: 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni. Mazoezi ya wastani ni kama kutembea kwa haraka. Utajipima hivi: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Shirika hilo lilishauri pia kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki.

Bila shaka utauliza, "Na kazi yangu ya kulima na kuchota maji, si mazoezi hayo?" Naam, ni mazoezi, yahesabu. Ikiwa wewe hulima na kutembea mbali kila siku, huenda unahitaji tu kuongeza ya misuli na ya kusimama imara. Lakini ikiwa unakaa dukani, kwenye cherehani au kando ya mgonjwa siku nzima, miguu yako inahitaji kutembea.

Sasa tuje kwenye swali letu. Mazoezi yasikatike vipi?

Kwanza, anza na kidogo. Yule mama alianza kwa kukimbia, mwili ukamuuma, akachoka. Anza na dakika 10 za kutembea. Ukizizoea, ongeza tano.

Pili, yafunge mazoezi kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku. Ukisema, "Nitafanya nikipata nafasi," mama, nafasi hiyo haiji. Sema, "Watoto wakishatoka kwenda shule, nitatembea." Au, "Chai ikiwa motoni, nitafanya mazoezi ya miguu." Wataalamu wa chuo kikuu cha University College London huko Uingereza walifuatilia watu 96 waliojaribu kujenga mazoea mapya kwa njia hii, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2009. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla jambo kuwa mazoea. Wengine walichukua muda mfupi zaidi, wengine miezi mingi. Kwa hivyo ukifika wiki ya pili na bado unajisukuma, usijilaumu. Ni mapema mno.

Tatu, siku moja ikikupita, rudi siku inayofuata. Wataalamu hao waliona kwamba kukosa mara moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Mtoto ataugua, wageni watakuja, kutakuwa na matanga. Usingoje Jumatatu, wala usingoje Januari.

Nne, tafuta mwenzako. Jirani akikungojea langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utaamka. Kutembea wawili pia ni usalama. Na uwaambie watu wa nyumbani kwamba dakika hizo ni zako.

Mazoezi ya misuli hayahitaji vyombo. Kaa kwenye kiti imara, kisha simama bila kujisukuma kwa mikono, mara 10. Simama ukielekea ukuta, weka viganja ukutani, jisogeze karibu na ujisukume nyuma, mara 10. Shika meza, inuka juu ya vidole vya miguu na ushuke polepole, mara 10. Mwisho, ukiwa bado karibu na meza, simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi 10, kisha mguu wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama wengi huliona aibu kulitaja: mkojo kuvuja wanaporuka, wanapokohoa au kutembea haraka. Wengi huacha mazoezi kwa sababu hiyo na hawamwambii mtu. Ni tatizo la kawaida, na lina msaada. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na upepo, hesabu hadi tano, kisha legeza. Fanya mara 10, mara tatu kwa siku. Usifanye zoezi hili wakati unakojoa. Endelea kwa miezi mitatu kabla ya kukata tamaa, na ukiona hakuna nafuu, mwone mhudumu wa afya.

Ikiwa unasumbuliwa na joto la ghafla, tembea asubuhi na mapema au jioni jua likipoa, vaa nguo nyepesi na unywe maji.

Tahadhari nazo ni muhimu. Ikiwa una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, zungumza na mhudumu wa afya kabla ya kuanza, na usiache dawa zako. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, simama mara moja na utafute matibabu. Na ikiwa hedhi yako imekoma kwa mwaka mzima kisha ukaona damu, usingoje, nenda hospitali ukachunguzwe.

Wengine husema umri wetu umepita. Mwezi wa Aprili 2024, Mkenya mwenzetu Edna Kiplagat alimaliza wa tatu katika mbio za marathoni za Boston akiwa na miaka 44. Hatukutumi Boston, mama. Tunakutuma hadi kwenye lango, kisha hadi barabarani, kisha urudi.

Na yule mama wa kliniki? Alichagua wakati wa kumpa mama mkwe chai ya asubuhi. Mzee akinywa, yeye husimama na kukaa kwenye kiti, na mzee humhesabia kwa sauti. Wakati fulani alikosa wiki nzima kwa sababu ya matanga. Aliporudi, mama mkwe alimwuliza, "Leo hatuhesabu?" Mgongo bado humsumbua siku nyingine, lakini Januari iliyofuata hakuwa na la kuanza. Alikuwa akiendelea.

Mambo ya kukumbuka:
1. Anza na dakika 10, uongeze polepole.
2. Funga mazoezi kwenye jambo la kila siku.
3. Ukikosa leo, fanya kesho.
4. Imarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki.
5. Ukiona dalili ya hatari, nenda kituo cha afya.